Bibi Harusi, Kabla ya Fungate Nenda Safari na Mashoga Zako



Mfunguo mosi ukiingia tu, simu zetu haziishi kulia. Huyu anaulizia mpiga piko, yule anatafuta kitambaa cha sare cha watu arubaini, mwengine anataka kujua ukumbi upi una feni zinazofanya kazi. Na katika kila harusi, kabla hata siku ya nikah haijapangwa, lipo suali moja ambalo kila mtu anamuuliza bibi harusi: "Fungate wapi?" Majibu tunayajua. Dubai. Istanbul. Mwenye uwezo zaidi anataja London au Paris, na wiki mbili baadae picha za Mnara wa Eiffel zimeshafika hadi kwa watu wasiomjua bwana harusi.

Fungate hatuna neno nayo. Mume na mke wana haki ya kupata siku zao peke yao. Lakini tunataka kusema jambo ambalo baadhi yenu mtaliona la ajabu. Kabla ya fungate ipo safari nyengine ambayo bibi harusi anaihitaji, na mume hayumo ndani yake. Ni siku chache na mashoga zake, wale waliokua naye, kabla hajawekwa ndani na kuanza kusingwa. Na tunasema safari hiyo isiwe Ulaya wala Uarabuni, iwe hapa hapa Tanzania. Sisi tulikwenda Karatu na Ngorongoro, wanawake sita, mmoja wetu akiwa na nikah yake wiki tano mbele. Tangu turudi tunalizungumza kila tukikutana, na leo tumeamua kuliandika.

Tunachokipoteza

Tuseme ukweli, shoga akiolewa mara nyingi tunampoteza. Hakuna ugomvi wowote. Wiki za mwanzo tunamwacha apumzike na mumewe. Kisha inakuja mimba, wanakuja wakwe, mume anapata kazi Dar es Salaam au Muscat. Tunaonana kwenye misiba na kwenye harusi za wengine, tunabusiana mashavu, tunaambiana "tutafutane basi", na hatutafutani.

Miaka kumi baadae mwanamke huyu ana jambo zito nyumbani kwake na hajui ampigie nani. Mama atalia. Dada atachukua buibui lake aende kumsema shemeji yake. Anayemfaa wakati ule ni shoga wa zamani, anayemjua tangu skuli, anayeweza kumsikiliza na kumwambia "hapa umekosea wewe" bila ya yeye kununa. Na shoga huyo hajazungumza naye miaka.

Sasa tazameni harusi zetu. Ukumbi una wanawake mia tatu, na bibi harusi hana dakika tano za kuzungumza na hata mmoja. Amekaa kwenye kiti, amepambwa, haruhusiwi kucheka sana rangi ya mdomo isije ikaharibika. Mashoga zake wanapanda jukwaani mmoja mmoja, picha, wanashuka. Wamelipia sare, wamelipia mapambo ya kichwa, wamechangia keki, na hawakupata kumwambia neno.

Fedha ile ile ingeweza kufanya kazi nyengine. Sisi tulikuwa saba tulipoanza. Tuliamua mapema kwamba hatutafanya kicheni pati wala sare ya pili, na badala yake tukaanzisha upatu wa elfu hamsini kila mwezi kwa miezi kumi. Hesabu ni nyepesi: milioni tatu na nusu. Nauli kila mtu alijilipia mwenyewe, na upatu ukabeba gari, malazi na chakula. Hatukumwomba mtu yeyote mchango.

Kwa nini safari, na si mchana mmoja wa pilau

Wapo waliotuambia: kama mnataka kukaa pamoja, kaeni kwenye baraza la nyumba, pikeni, zungumzeni. Ni ushauri mzuri, na tumefanya hivyo miaka yote. Lakini barazani kila mtu ana saa yake ya kuondoka. Simu inalia, mtoto amelia, mume amerudi.

Safarini hakuna pa kukimbilia. Neno lenyewe tumelitoa kwenye Kiarabu, na ulamaa wanasema safari imeitwa hivyo kwa kuwa inafunua tabia za watu. Sayyidna Umar, Allah amridhie, anasimuliwa kuwa mtu alipomshuhudia mwenzake kuwa ni mwema, alimuuliza kama ni jirani yake, kama amewahi kusafiri naye, na kama amefanya naye biashara ya fedha. Ikiwa hakuna hata moja, basi hamjui.

Tumelithibitisha hilo. Basi la Dar es Salaam hadi Arusha linakula siku nzima. Kufika Chalinze tulikuwa tunacheka. Kufika Korogwe mmoja alikuwa amenuna kwa sababu ya kiti cha dirishani. Kufika Same walikuwa wameshasameheana, na wanakula muhogo wa kukaanga kwenye karatasi moja. Usiku wa pili Karatu, chini ya mablanketi, bibi harusi wetu alisema kitu ambacho hakukisema kwa mama yake wala kwa somo wake: kwamba anamuogopa mama mkwe. Tulizungumza hadi karibu na alfajiri. Wawili kati yetu wana wakwe, wakamwambia yaliyowakuta, mazuri na mabaya, bila kupamba. Maneno yale ukumbini yasingetoka.

Kwa nini Karatu, na si London

Wazanzibari kuitamani Ulaya si jambo la leo. Sayyid Barghash aliizuru London mwaka 1875, akapokewa kwa heshima kubwa. Sisi pia tunayo hamu hiyo, na mwenye jamaa zake huko akialikwa aende. Lakini kundi la wanawake sita kupata viza kwa pamoja, kulipa ndege, na kulipa hoteli kwa pauni, ni jambo ambalo kwa wengi wetu litabaki la kuzungumzwa tu. Na wakati tunalizungumza, miaka inapita na mashoga wanaolewa.

Ngorongoro unakwenda na kitambulisho chako cha taifa. Kiingilio cha raia wa Tanzania hulipwa kwa shilingi na ni sehemu ndogo sana ya kile anacholipa mgeni. Gari la safari, lile landkruza la paa linalofunguka, hukodiwa zima pamoja na dereva wake, kwa hivyo mkiwa sita gharama inagawika kwa sita. Ndiyo maana tunasema ni safari ya mashoga hasa. Mtu mmoja au wawili wakienda, gari ni lile lile na bei ni ile ile.

Na kama ni mambo ya kutazama, basi tulinganishe. Mnara wa saa wa London, ule wa Big Ben, ulimalizika mwaka 1859. Mnara wa Eiffel ulifunguliwa mwaka 1889. Kreta ya Ngorongoro ilikuwa mlima wa volkano uliojibomokea ndani zaidi ya miaka milioni 2 iliyopita, na kuta zake bado zimesimama pande zote. Kina chake ni kama mita 600: Minara miwili ya Eiffel ikipandishwa mmoja juu ya mwengine ndiyo itafika ukingoni. Sakafu yake ina ukubwa wa kilomita za mraba 260 hivi, karibu moja ya sita ya Unguja nzima. Kwa sisi tuliotoka kwenye kisiwa ambacho kilima chake kirefu hakifiki mita 150, kusimama ukingoni, zaidi ya mita 2,200 juu ya bahari, lilikuwa jambo la kunyamazisha. Mwanamke anayeongea kuliko sote alisema "Subhanallah" moja tu, akanyamaza.

Qur'ani imewaambia watu zaidi ya mara moja watembee katika ardhi na watazame. Katika Suratul Ankabut, aya ya 20, amri hiyo imefungamanishwa na kutazama jinsi Allah alivyoanzisha uumbaji. Aya hiyo hatujaiona ikiwekewa sharti kwamba ardhi hiyo iwe ya mbali.

Tulichokiona

Karatu ni mji wa barabarani, kiasi cha mwendo wa saa tatu kutoka Arusha. Unapita Makuyuni, unafika Mto wa Mbu penye ndizi nyekundu zinazouzwa kando ya njia, kisha barabara inapanda ukuta wa Bonde la Ufa na Ziwa Manyara linabaki chini yako kama sinia. Juu kabisa udongo unabadilika, unakuwa mwekundu wa kahawa na ngano. Hapo ni kwa Wairaqw. Lugha yao haifanani na za Kibantu, ni ya jamii moja na Kisomali na Kioromo. Mama mmoja aliyetupokea kwenye shamba lake la kahawa alituonesha namna ya kukoboa na kukaanga, akatuuliza nani kati yetu anaolewa. Tulipomwonesha, alimshika mkono akasema, "Mwanangu, kahawa ikiungua usiitupe mbele ya mumeo. Kunywa naye, mcheke." Tulilibeba neno hilo hadi Unguja.

Alitueleza pia kwamba zamani wasichana wa Kiiraqw walikuwa na unyago wao. Walitengwa na kufundishwa, wakajishonea sketi za ngozi zilizopambwa shanga, mstari juu ya mstari. Sisi tulitazamana. Mwari wetu anayewekwa ndani, akasingwa na kufundwa na somo wake, ana ndugu huku juu ambaye hatukuwahi kumsikia.

Siku ya kreta tuliondoka Karatu alfajiri baada ya kuswali, ili tuwe kwenye lango la Lodoare linapofunguliwa saa kumi na mbili. Ukingoni ukungu ulikuwa mzito hata hatukuona mbele ya gari. Kisha tukateremka, na ghafla ukungu ukabaki juu kama dari. Chini kulikuwa na nyumbu, pundamilia, nyati, na Ziwa Magadi likiwa na flamingo. Mbali sana, kama jiwe jeusi lenye kutembea, tulimuona faru.

Dereva alitusimamisha karibu na simba majike watano waliolala. Akatuambia, "Dada zangu, hawa ni mama, mabinti na madada. Jike kwa kawaida hubaki na wenzake wa ukoo maisha yake yote. Madume ndiyo wanaokuja na kuondoka." Mnaweza kudhani jinsi gari lilivyocheka. Lakini alitueleza na jambo la pili lililotufikirisha zaidi. Mwaka 1962 nzi wanaouma walizidi mno ndani ya kreta, simba wengi wakafa, wakabaki wachache sana. Waliopo leo wengi ni kizazi cha wale wachache, na kwa kuwa kuta za kreta na maskani ya watu pembezoni yanawazuia wageni kuingia, watafiti kwa miaka mingi wamekuwa na wasiwasi juu ya damu yao kuwa moja. Mahali pazuri kuliko pote, chakula tele, na bado kufungika kunawadhoofisha. Sisi watu wa visiwani hatukuhitaji kufafanuliwa zaidi.

Siku ya tatu tulishuka hadi Oldupai, ambako wengi wanapaita Olduvai. Hapo mwaka 1959 Mary Leakey alilifukua fuvu ambalo wataalamu wanalikadiria kuwa na umri wa miaka milioni 1.75. Mumewe Louis alilipa jina la Zinjanthropus. Zinj ni jina ambalo Waarabu wa zamani waliiita pwani yetu hii, na limo ndani ya neno Zanzibar lenyewe. Tulifika mbali kote huko tukalikuta jina la kwetu. Katika jumba la makumbusho la hapo ipo pia nakala ya nyayo za Laetoli, zilizogunduliwa mwaka 1978, za viumbe waliotembea kwa miguu miwili kwenye jivu la volkano, wawili wakiwa sambamba. Mambo ya miaka na asili ya binadamu yana mazungumzo yake, na kila mtu ana elimu yake na imani yake. Sisi tulisimama pale tukitazama nyayo za waliotembea pamoja, na bibi harusi akaushika mkono wa aliye karibu naye.

Stara, mahram na swala

Bibi yake bibi harusi alipopata habari alisema, "Nyinyi mwari mnampeleka kwa masimba?" Na nyuma ya mzaha huo lilikuwepo suali la kweli, na lina haki ya kuulizwa.

Masheikh wamekhitilafiana juu ya mwanamke kusafiri bila mahram. Wapo wasioruhusu kabisa, na wapo wanaoruhusu akiwa na kundi la wanawake waaminifu na njia ikiwa ya amani. Katika madhehebu ya Shafii, ambayo ndiyo ya wengi wetu pwani, rukhsa ya kundi la wanawake inajulikana zaidi katika hija ya faradhi. Sisi hatutoi fatwa. Tunachosema ni kwamba kila mmoja amuulize sheikh wake mapema, na apate ridhaa ya mume au walii wake kabla ya kuweka shilingi ya mwanzo. Kaka yake bibi harusi alikubali kufuatana nasi, akakaa mbele na dereva, na Allah amlipe kwa subira yake ya kusikiliza taarab siku tano.

Mwenzetu wa saba alimuuliza sheikh wake, akaambiwa abaki. Akabaki. Hakuna aliyembembeleza wala kumcheka, na laki tano zake za upatu tulimrudishia zote. Tuliporudi, sote saba tulikwenda Kizimkazi kutwa nzima, tukauona msikiti wenye maandishi ya mwaka 500 wa Hijria, sawa na 1107 Miladia, tukala samaki, tukazungumza. Kwa hivyo dada ambaye hawezi kusafiri mbali asione kuwa maneno haya hayamhusu. Unguja na Pemba zina mengi ambayo hatujayaona.

Kuhusu swala, wepesi ni mkubwa. Msafiri anapunguza: Adhuhuri, Alasiri na Isha rakaa mbili mbili, Magharibi inabaki tatu, na anaweza kukusanya. Qibla kutoka Unguja ni karibu kaskazini moja kwa moja, na huko Karatu ni kaskazini ikiinama kidogo mashariki. Ndani ya kreta huruhusiwi kushuka kwenye gari ovyo, lakini pale Ngoitokitok, kando ya bwawa la viboko, ndipo watu wanaposhuka kula, na vyoo vipo. Tulichukua dumu la maji ya udhu na mkeka, tukaswali Adhuhuri na Alasiri nyuma ya gari, viboko wakikoroma. Hakuna aliyetusumbua. Ila mkila, kaeni ndani ya gari. Mwewe wa pale ana macho, na paja la kuku la mmoja wetu lilichukuliwa mkononi kabla hajasema Bismillahi.

Na buibui halimzuii mtu kitu. Vumbi lilipozidi, wageni wa magari mengine walijifunga vitambaa usoni. Wenye nikabu kati yetu walikuwa wameshajiandaa tangu nyumbani.

Sisi tukiwa wageni

Lipo jambo moja tunalitaka kila anayekwenda alifikirie. Sisi wa Mji Mkongwe tunajua adha ya kupigwa picha. Umetoka dukani na kapu lako, mtu asiyekujua anakunyanyulia kamera kama wewe ni mlango uliochongwa. Tunalalamika, na tuna haki.

Basi Ngorongoro sisi ndio wenye kamera. Eneo hilo la hifadhi lilianzishwa mwaka 1959 kwa utaratibu wa watu na wanyama kuishi pamoja, na Wamasai wamo humo na mifugo yao. Tangu mwaka 2022 familia nyingi zimehamishiwa Msomera, wilaya ya Handeni. Serikali inasema ni kwa hiari na kwa kuinusuru hifadhi, na wapo wakaazi wanaopinga na wanaosema wamebanwa. Mwanamke wa Kimasai anayekuuzia shanga kando ya njia huenda jambo hilo limo nyumbani kwake, na kutembea kwetu ni sehemu ya biashara inayozungumzwa. Angalau tusimfanye pambo la picha. Msalimie, muulize jina, muulize bei, na ukitaka picha omba. Akikataa, rudisha simu mkobani. Kwenye boma moja tuliomba, mama akakataa, kisha akakaa na sisi akatuonesha namna ya kuzitia shanga kwenye waya. Picha hatunayo. Bangili tunazo, sote sita, na bibi harusi alivaa yake siku ya hina chini ya dhahabu.

Ukitaka kwenda

Nendeni kabla mwari hajawekwa ndani, ili asirudi na uchovu na midomo iliyopasuka siku mbili kabla ya nikah. Lala Karatu mjini, kwa sababu malazi ni rahisi kuliko ukingoni na baridi ni kidogo. Juni hadi Agosti ukingoni baridi ni kali, kwa hivyo chukueni sweta, soksi na shungi nzito. Mafuta ya nazi msiyasahau, ngozi inakauka.

Chakula, semeni mapema. Karatu ina Waislamu na misikiti, lakini wakaazi wengi ni Wakristo na baadhi ya nyumba za wageni hupika nguruwe na kuuza pombe. Ulizeni nyama imechinjwa na nani na sufuria zinatenganishwa vipi. Tulipouliza kwa adabu tulijibiwa kwa adabu, na siku moja mpishi alitupikia mayai, maharage na mboga kwenye sufuria mpya. Gari kodini kwa mtu mnayemjua au aliyesifiwa na mnayemwamini, na mkubaliane kwa maandishi bei inajumuisha nini. Vitambulisho msiviache.

Mtakaposikia "si ana mume, atampeleka yeye?", jibuni kwa upole. Insha'Allah atampeleka, na tunamuombea apelekwe kila anapopatamani. Lakini mume hawezi kumpa mashoga aliowapoteza. Hiyo ni kazi yetu, na wakati wake ni sasa, kabla ya singo na kabla ya ukumbi. Kama kuna harusi mwakani kwenu, upatu uanze mwezi huu. Tuandikieni mmefika wapi.

Allah awape mabibi harusi wetu ndoa zenye utulivu, na awape wenza wa kheri, wa ndani ya nyumba na wa nje. Amin.